Kundi la nne si hatua ya nne

REHEMA: Karibuni tena, wapendwa. Leo naanza na la nyumbani. Shangazi yangu ana kivimbe shingoni, akapigwa sindano ya kuchukua kipimo, kisha akakabidhiwa bahasha bila maelezo. Kuifungua: "Bethesda IV". Hadi jioni ukoo mzima ulikuwa WhatsApp, huyu anachanga, yule analia. Tulijua ni saratani, hatua ya nne.

SALIM: Pole sana, dada, na pole zangu zimfikie shangazi. Hiyo namba si hatua. Hatua hueleza saratani iliyokwisha kuthibitishwa imeenea hadi wapi. Bethesda ni makundi 6 ya kusoma seli zilizotolewa na sindano kwenye thairoidi, ile tezi ya shingoni inayotengeneza homoni. Jina ni la mji wa Bethesda, Maryland, Marekani, walikokutana wataalamu mwaka 2007. Toleo la tatu lilitoka 2023.

REHEMA: Sasa la nne linasemaje?

SALIM: Kwa makadirio ya 2023, kati ya watu 100 wa kundi hilo waliofanyiwa upasuaji, kama 30 hukutwa na saratani. Wengi hawana.

REHEMA: Lakini sindano imeingia kwenye kivimbe chenyewe. Kwa nini wasiseme ni saratani au siyo?

SALIM: Umemwona mnunuzi wa mahindi akichoma gunia kwa bambo? Punje zinamiminika kiganjani, anajua kama ni kavu au yamebunguliwa. Ila bambo halimwonyeshi gunia limechanika wapi. Vivimbe vya folikula, yaani vya vifuko vidogo vinavyounda tezi hii, ndivyo vya kundi la nne, na ndivyo vilivyo. Seli za saratani na za kivimbe kisicho na madhara hufanana. Kinachotofautisha ni kama zimetoboa ganda la kivimbe au kuingia kwenye mishipa ya damu. Lazima kitolewe, kikatwe vipande, ganda lichunguzwe kwa hadubini.

REHEMA: Kumbe ndiyo maana wanataka kutoa nusu ya tezi!

SALIM: Ndiyo, mara nyingi huanzia hapo. Kipo pia kipimo cha vinasaba vya seli hizo, ila kwetu hakijaenea.

REHEMA: Na makundi mengine?

SALIM: La pili ni kama 4 kati ya 100, la tatu 22, la tano 74, la sita 97. Linaloniumiza ni la kwanza. Mtu anaambiwa "hatukuona kitu", anarudi nyumbani akishangilia. Maana yake seli hazikutosha kusomeka! Sindano irudiwe, jamani.

REHEMA: Shangazi anamwona daktari wa upasuaji Jumatatu. Aulize nini?

SALIM: Kwanza, ultrasaundi ilionaje kingo za kivimbe, na tezi za limfu za shingoni zikoje. Majibu ya sindano husomwa pamoja na picha. Pili, baada ya upasuaji nani atampima homoni. Nusu inayobaki huwatosha wengi, lakini wengine huhitaji kidonge kila siku.

REHEMA: Hebu rudia hilo la kingo taratibu, naandika.