Dhulma haikuanza siku ilipokatazwa

Asalam alaykum, na ndugu zangu wa upande wa misheni, Tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru mmejaa hivi, na jua la Bagamoyo mchana huu wote tunalijua.

Swali la leo ni kama jema linakuwa jema kwa sababu tu Mungu kaliamrisha. Ni la zamani sana, Plato kaandika jinsi Socrates alivyombana mtu nalo kule Athens, na Waislamu wakaja kulibishania Basra na Baghdad miaka mingi. Muutazila, kundi moja la wanazuoni wa Kiislamu, walisema akili inajua dhulma ni mbaya hata kabla wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, haujashuka, Imamu Abul Hasan al-Ashari ambaye alikuwa mwenzao kisha akawaacha akasema hapana, baya ni lile alilolikataza Mola, basi. Na sisi Waislamu wa pwani wengi kwenye akida, yaani mambo ya imani, ni Maashari, wafuasi wake, hata tusiolijua hilo jina.

Mi hapo simfuati Imamu. Nasema kwa heshima kabisa maana hofu yake naielewa, aliogopa mtu asije akamwekea Mwenyezi Mungu sheria ya kumtawala. Ila kama haki ni kile kilichoamriwa tu, basi nikisema Mungu ni mwadilifu nimemsifu nini? Nimesema anaamrisha anachoamrisha. Tazameni Surat al-Aaraf aya ya 28, watu wanafanya machafu halafu wanasema Mungu ndo katuamrisha, wanajibiwa Mwenyezi Mungu haamrishi machafu. Jibu hilo lina nguvu kwa sababu waliokuwa wanajibiwa walishajua uchafu ni nini. Na Paulo kwenye Warumi sura ya pili anasema hata mataifa wasio na torati wana kazi ya torati imeandikwa mioyoni mwao.

Kaeni barazani asubuhi mgawie watoto wawili vitumbua, mmoja vitatu mwingine kimoja. Yule wa kimoja hajui hata alifu kwa kijiti, lakini atakuangalia wewe, ataangalia sahani ya mwenzie, mdomo unaanza kutetemeka, na yule wa vitatu anarudisha mkono nyuma. Nani kamfundisha kuficha?

Sasa tuje kwenye mji wetu, maana hapa ndo panaponiuma. Misafara ya kutoka bara iliishia hapa, na waliouza watu walikuwa wanasali, walikuwa na vitabu na watu wa kuwasomea vitabu hivyo. Mapadre wa misheni walifika 1868 wakawa wananunua watoto ili wawakomboe, biashara ya baharini ikapigwa marufuku 1873, utumwa wenyewe Tanganyika ukafutwa kwa sheria 1922. Nawauliza, mama aliyenyang'anywa mwanae Manyema alianza kudhulumiwa 1922? Wala hakuna aya mpya iliyoshuka mwaka ule! Shehe Ramiya, ambaye mji mzima unamheshimu, aliletwa hapa mtoto, mtumwa, akaja kuwa shehe mkubwa wa tarika ya Kisufi ya Qadiria mpaka anafariki 1931, na mtu yule yule ambaye wanafunzi walikuja kumbusu mkono aliwahi kuwa mali ya mtu. Dhulma ile ilikuwepo muda wote, watu walikuwa hawataki kuiangalia.

Kwahiyo amri za kazi gani? Kazi kubwa sana. Kujua hakutoshi, yule mtoto mwenye vitatu alijua na bado akaficha. Amri inakushika pale nafsi inapotafuta pa kutokea, inakukumbusha kuna siku ya kuulizwa. Uadilifu ni sifa yake Mola mwenyewe, amri zinatoka humo, hakuna sheria iliyokaa juu yake.

Najua kuna mtu anataka kuniuliza kuhusu Nabii Ibrahimu na kisu. Huyo huyo Ibrahimu, kwenye Surat Hud alijadiliana na Mungu juu ya watu wa Lut waliokuwa wanakaribia kuangamizwa, na kwenye Mwanzo 18 anamuuliza Mungu, Mhukumu ulimwengu wote asitende haki? Hakukemewa kwa kuuliza. Na kile kisu hakikuchinja mtoto.