Usiku wa Wezi Ana Mwenyewe

(Mhadhara uliotolewa kwenye baraza la wakazi, Kisauni, Mombasa)

Assalamu alaikum, na kwa ndugu zetu wasio Waislamu, hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie mbwa. Lakini kwa malalamiko niliyoyasikia tangu nifike hapa, naona afadhali tumzungumze mwenye mbwa, kwa kuwa mbwa hasikii mhadhara.

Mitaani mwetu kuna mbwa wa ajabu. Wezi wakiruka ukuta usiku, mbwa huyo ana mwenyewe, na asubuhi mwenyewe humsifu kwa kila mpita njia. Akimuuma mtoto anayetoka chuo cha Kurani, ghafla hana mwenyewe. “Huyu ni koko tu, mimi humtupia makombo.” Bwana wangu, ukimtupia makombo kila siku, akalala barazani kwako na kukubwekea wageni wako, huyo ni wako. Ukoko wake hauwezi kuanza siku ya kulipia sindano.

Sheria nayo imelitazama jambo hili. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamhesabu kuwa na kosa mtu ambaye kwa uzembe wake hakuchukua hadhari juu ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Risiti ya kumnunua hakiiulizi. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imewapa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama, na leseni za mbwa zimetajwa humo waziwazi. Watu hucheka nikisema hivi. Mlipopiga kura ya maoni mlidhani mnapigia magavana tu, kumbe na mbwa alikuwamo.

Sasa kuna jambo ambalo baadhi ya wafugaji hulidhania kuwa ni chuki, na nataka walisikie vizuri. Wengi wetu hapa pwani ni watu wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito: huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa mchanga. Mzee ametoka kwake na udhu wake kwenda kuswali alfajiri. Mbwa anamjia kwa furaha, hana ubaya wowote, anailamba kanzu. Mwenyewe yuko dirishani anasema, “Usiogope mzee, huyo haumi, anacheza.” Mzee hakuogopa kuumwa. Itabidi arudi nyumbani atafute mchanga na maji, na swala ya jamaa imempita. Jirani asiye Muislamu si lazima aiamini hukumu hiyo. Ajue tu kwamba kucheza kwa mbwa wake kumemgharimu mtu swala ya jamaa, na geti lingefungwa yasingetokea.

Na upande wa pili nao nina neno nao. Dini hiyohiyo inatusimulia aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Basi hii tabia ya kutupa nyama yenye sumu uchochoroni imetoka wapi? Ni ukatili, na Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza ukatili kwa wanyama. Tena sumu haichagui. Kunguru wa Mombasa mnawajua: ataokota kipande hapa akakiangushe kwenye tangi la maji la mtu ambaye hata ugomvi wenu haujui. Paka watakufa. Mtoto atambaaye ataokota. Na yule jirani ataleta mbwa mwingine, kwa sababu aliyemwacha wa kwanza azurure bado yupo nyumbani kwake salama.

Nije kwenye kuumwa, na hapa sitakwenda mbio. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya hapo kinazuilika, na dawa ya kwanza iko nyumbani: sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano nzima. Mfereji ukiwa mkavu, kama ilivyo ada yetu, mmoja amwage maji kwa kata na mwingine aoshe. Msitie pilipili, msitie majani, msimpeleke kwa mtu wa kunuiza kwanza. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa mkwaruzo, na sindano zote azimalize. Wengi hupata mbili wakaona kidonda kimefunga, wakaacha.

Mbwa je? Vijana hukimbilia mawe. Msimuue. Akifungiwa akaangaliwa siku kumi, akabaki mzima, daktari atajua kwamba siku ile ya kuuma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Mkimuua na kumtupa jaani, mmeutupa ushahidi. Wa kulisimamia hilo ni mwenyewe, pamoja na ofisi ya mifugo. Na kadi ya chanjo aitoe hapo hapo, bila kutuambia iko bara kwa shemeji.

Mnyororo siupendi. Mbwa anayefungwa kutwa nzima huwa mkali zaidi, na siku pete itakapokatika mtaa utajua. Ua wenye geti linalofunga unatosha, chanjo kila mwaka, na jike afungwe kizazi, maana akiingia joto madume ya mtaa mzima yatahamia mlangoni kwako na kupigana usiku kucha.

Nilisema nitapokea maswali. Mama pale nyuma anauliza: afanyeje ikiwa mwenye mbwa ndiye mwenye nyumba wake? Hilo ni zito, kwa sababu mpangaji huogopa kodi kupandishwa. Mama, usiende peke yako. Wapangaji wote muandike barua moja, mtie saini, nakala impate mzee wa mtaa na nyingine naibu wa chifu. Msiandike “mbwa wako anatusumbua.” Andikeni tarehe, saa, na alichofanya, kama kuna picha kwenye simu, ziambatanisheni. Wala msimtake amuondoe mbwa, maana hapo atawaona mnataka aibiwe. Mtakeni afunge geti kuanzia saa kumi alfajiri mpaka watoto wamekwisha kuingia shule, na jioni wakati wa chuo. Akikataa hata hilo, barua ya pili iende ofisi ya mifugo ya kaunti na kituo cha polisi, na ile ya kwanza muibane nyuma yake.