Menyu Kunjuzi Isiyotaka Kutanuka

Ndugu wasikilizaji, kila anayeandika programu za kompyuta za mezani amewahi kukutana na hitilafu hii. Dirisha linafunguka, menyu kunjuzi (kisanduku kinachofungua orodha ya kuchagua) ina majina mafupi, kila kitu shwari. Baadaye majina yanarefuka, kisanduku kimeng'ang'ania upana ule ule, na mtumiaji anaona “Ripoti ya mwa…” Ya mwaka au ya mwanzo? Abahatishe.

Wengi hukimbilia amri ya repaint(). Haisaidii: hiyo huchora upya tu, vipimo haivigusi.

Katika Swing, maktaba ya Java ya kutengeneza madirisha, ukiongeza kipengee kupitia modeli (sehemu inayotunza orodha ya vipengee), JComboBox, yaani menyu kunjuzi yake, hujipima na kujiitia revalidate(), amri ya kuomba mpangilio mpya. Balaa huanza ukibadilisha maandishi ndani ya kitu kilichomo tayari, kimyakimya, bila modeli kutoa taarifa. Kisanduku kinaendelea kutumia kipimo kilichohifadhiwa. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mpangilio, hakikisha modeli imesema.

Tena, revalidate() haipangi papo hapo. Hutia alama kwamba mpangilio umepitwa na wakati, kisha kazi yenyewe inasubiri kwenye foleni ya matukio. Ukiuliza upana kwenye mstari unaofuata, utapewa namba ya zamani. Na ni sawa! Ukiongeza vipengee 100, unataka kupanga mara moja, si mara 100. Dirisha lenyewe nalo halitatanuka mpaka uite pack(), amri ya kulipima dirisha upya.

Kwa upande wa Qt, maktaba nyingine ya aina hiyo, menyu kunjuzi yake QComboBox usipoiambia vingine hujipima inapoonyeshwa mara ya kwanza tu. Vipengee virefu vinavyokuja baadaye havihesabiwi. Sera ya AdjustToContents (kujipima kila vipengee vinapobadilika) huondoa tatizo hilo, ila mimi siipendi: fomu inachezacheza, na kitufe ulichokuwa unakikaribia kwa kipanya kinahama. Bora upana uuamue mwenyewe. Qt ina setMinimumContentsLength(). Swing ina setPrototypeDisplayValue(): unaipa mfano wa neno refu unalotarajia, inapima hilo peke yake, hata orodha iwe na maelfu. Orodha inayoshuka si lazima ilingane na kisanduku. Kwenye Qt, view()->setMinimumWidth() huipanua orodha hiyo tu, bila kugusa kisanduku.

Halafu, tafadhali, msibadilishe vipengee orodha ikiwa wazi. Mtu analenga mstari mmoja, anabofya mwingine. Kwenye Swing, pakieni data ndani ya popupMenuWillBecomeVisible(), kabla orodha haijaonekana.