Ubingwa wa 1901: Wahamiaji wa London Walipokwenda Dublin

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuja. Mliponiomba nizungumze juu ya michezo, nilichagua mechi moja tu. Ilichezwa Dublin, Jumapili ya tarehe 2 Agosti 1903, katika uwanja wa Jones's Road. Timu ya wahamiaji wa Ireland waliokuwa wakiishi London ilivuka bahari, ikaishinda timu ya kaunti ya Cork na kutwaa ubingwa wa hurling wa Ireland nzima. Na huo ulikuwa ubingwa wa mwaka 1901! Hamkusikia vibaya. Mashindano ya 1901 yalikwisha 1903.

Tuanze na mchezo wenyewe. Waireland kwa lugha yao huuita iománaíocht. Mtu anayeufahamu mpira wa magongo wa kwetu ataona kama undugu wa mbali, lakini asidanganyike, maana magongo kwa sehemu kubwa huchezwa mpira ukiwa chini, na hurling mpira unaruka. Gongo lao, camán, huchongwa kwa mbao ya mti wa ash, na ncha yake ni bapa kama kafi la mtumbwi. Mchezaji hudaka mpira hewani, akaukimbiza ukiwa umekaa juu ya ule ubapa, akaupiga kabla haujagusa nyasi. Siku hizo kila upande ulikuwa na watu 17, tena vichwa wazi, bila kofia ya kujikinga. Pointi ilikuwa bao dogo, na goli moja lilihesabiwa sawa na pointi 3. Ndiyo sababu matokeo yao hutajwa kwa hesabu mbili, magoli kwanza kisha pointi.

Chama cha Michezo ya Kigaeli, yaani michezo ya jadi ya Ireland, kilianzishwa mjini Thurles mwezi Novemba 1884, na ubingwa wa kwanza ukashindaniwa 1887. Klabu iliyoshinda katika kaunti yake ndiyo iliyobeba jina la kaunti hiyo. Lakini miaka michache baadaye siasa za Ireland zilipasuka kwa sababu ya kiongozi wao Parnell, na chama kikapasuka nacho. Kilipoingia karne mpya kilikuwa bado kinajikusanya. Viongozi wapya walishika usukani 1901, James Nowlan akiwa rais na Luke O'Toole katibu, na mabaraza ya majimbo ndiyo kwanza yalikuwa yanasimama. Kwa hali hiyo msimu mmoja ulisukumwa hadi ndani ya mwingine. Mimi siwalaumu. Kuendesha mashindano ya nchi nzima huku nyumba yako mwenyewe inajengwa upya si kazi ndogo.

Sasa London iliingiaje? Hapa ndipo penye uzito kwangu. Hesabu ya watu ya 1841 ilikuta Ireland ina watu zaidi ya milioni 8. Mwaka 1901 walibaki kama milioni 4 na nusu. Njaa kuu iliyoanza 1845, viazi vilipooza mashambani, iliua watu kama milioni moja na kuwatoa wengine zaidi ya milioni. Watu waliendelea kuondoka hata njaa ilipokwisha. Vijana waliolelewa na gongo mkononi wakajikuta wanafanya vibarua London, wengine maofisini, na siku za mapumziko wanatafuta kiwanja. Walianzisha klabu, klabu zikawa na uongozi wao. Basi katika mashindano ya mwaka 1900 chama kikaamua kwamba wale walio Uingereza wahesabiwe kama jimbo la tano, juu ya yale manne ya Ireland: bingwa wa nyumbani apambane nao, na hiyo ndiyo iwe fainali. Uamuzi ule naupenda mno. Nchi iliwaambia watoto wake waliotawanyika kwamba bado wana sehemu yao mezani.

Jaribio la kwanza lilichezwa Oktoba 1902, na Tipperary ikaishinda London kwa magoli 2 na pointi 5 dhidi ya pointi 6. Angalieni hesabu hiyo vizuri. London ilipata pointi nyingi kuliko mshindi, ila haikuona goli. Watu wanaosema ushindi wa mwaka uliofuata ulikuwa wa kubahatisha hawaitazami mechi hii. Timu ile ilikuwa imekwisha kukaribia.

Cork ilifika fainali ya 1901 baada ya kuishinda Wexford katika fainali ya nyumbani. Walioivalia Cork jezi walitoka klabu ya Redmonds. Upande wa London ulikuwa wa klabu ya Emmets, nahodha wao Jack Coughlan. Jina hilo la Emmets si jina tu. Robert Emmet alianzisha uasi dhidi ya utawala wa Uingereza katika mitaa ya Dublin tarehe 23 Julai 1803, akanyongwa Septemba mwaka huohuo. Hesabuni wenyewe: vijana waliobeba jina lake waliingia Dublin miaka mia na siku kumi baada ya uasi ule, wakitokea katika mji mkuu wa dola iliyomnyonga.

Safari ya kawaida wakati huo ilikuwa treni hadi bandari ya Holyhead, halafu meli hadi Dublin. Jumatatu baada ya mechi ilikuwa sikukuu ya Agosti huko Uingereza, na nadhani kwa mtu wa kibarua siku hiyo moja ilikuwa na thamani kubwa, maana aliweza kucheza Jumapili akarudi bila kukatwa mshahara. Filimbi ya mwisho ilipolia, London ilikuwa na goli 1 na pointi 5, Cork pointi 4 bila goli. Lile goli walilolikosa mbele ya Tipperary, safari hii walilipata.

Mmoja wa mabingwa wale alikuwa Ned Barrett, mtu wa Ballyduff katika kaunti ya Kerry. Baadaye alijiunga na polisi wa London, na katika Olimpiki ya 1908 iliyofanyika jijini humo alipata medali ya dhahabu ya kuvuta kamba, pamoja na shaba ya mieleka. Dhahabu ya Olimpiki na ubingwa wa hurling kwa mtu mmoja! Ningetamani jina lake litajwe mara nyingi zaidi ya linavyotajwa.

Cork haikusahau. Fainali ya 1902 ilichezwa Septemba 1904 nyumbani kwa Cork, na London ilirudi mikono mitupu, magoli 3 na pointi 13 kwa sifuri. Ile ya 1903, iliyochezwa Novemba 1905, ikaisha kwa magoli 3 na pointi 16 dhidi ya goli 1 na pointi 1. Sioni kwamba matokeo hayo yanaifuta siku ile ya Agosti. Timu ya wahamiaji huishi kwa ajira za watu wake. Huyu anahamishwa, yule ananyimwa ruhusa. Baada ya hapo utaratibu wa kuipeleka London moja kwa moja fainali ukaachwa.

Uwanja wa Jones's Road ulinunuliwa na chama 1913 ukaitwa Croke Park, na fainali huchezwa hapo hadi leo. Kombe linaloshindaniwa linaitwa Liam MacCarthy. Huyu alizaliwa London mwaka 1853, wazazi wake wakiwa wametoka Ireland, akawa miongoni mwa walioongoza chama hicho jijini kwao. Kombe lake lilitolewa mara ya kwanza kwa mabingwa wa 1921, Limerick, na nahodha wao Bob McConkey akalipokea. Coughlan na wenzake walikuwa wameshinda mapema mno kuligusa, na London, mji wa mtu ambaye jina lake liko juu ya kombe lile, haijalichukua hata mara moja.