Kitenzi Kisicho na Mwenyewe

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, mambo?

Nimeombwa nizungumzie vichwa vya habari vinavyotushtua, hasa vile vya vyombo vyenye chama au vyenye mgombea wao. Mimi si mtaalamu wa siasa, ni mwalimu wa Kiswahili. Ila kabla ya kushika chaki nilikaa miaka minne kwenye chumba cha habari cha gazeti moja, kazi yangu kukata maneno ya waandishi na kuwatungia vichwa. Kwa hiyo jioni hii nitazungumzia vitenzi. Mtanivumilia.

Mmeiona meza ya magazeti pale kituoni asubuhi. Watu wameizunguka, mikono nyuma, wanasoma ukurasa wa mbele kisha wanaondoka. Muuzaji akichoka anauliza, "Kaka, unanunua au unasoma?" (Kicheko.) Siku hizi meza ile imehamia kwenye simu. Na redioni kuna mtangazaji anayeperuzi magazeti, vichwa kumi na tano kwa pumzi moja, abiria wa daladala anashuka Kariakoo ana msimamo juu ya kila kimoja. Simlaumu. Gazeti lina bei na bando lina bei. Lakini kama kichwa ndicho tunachokula, basi tujue kinapikwaje.

Chukua "amvaa". Mbunge amvaa waziri. Ukienda ndani unakuta mbunge alisema, "Mheshimiwa, kwa hili sikubaliani nawe." Hakuna aliyevaliwa wala aliyevuliwa. Wapo ndugu zake: amlipua, amchana, awatolea uvivu. Hivi ni vitenzi vya ngumi vilivyobandikwa kwenye mazungumzo ya kawaida. Gazeti lenye chama huvigawa kwa hesabu: mtu wetu "afafanua", mtu wao "abwabwaja", hata kama wote wawili wamesema sentensi ileile. Fanyeni jaribio. Futa kitenzi, weka "asema", usome tena. Habari nyingi hapo hunywea kama chapati iliyolala.

Cha pili ni hatari zaidi kwa sababu kina adabu. Ni ile "ku". "Wabunge kuvuliwa uanachama." "Mafuta kushuka bei." Kisarufi kitenzi hiki hakina wakati na hakikuahidi chochote. Huenda jambo limeamuliwa, huenda limependekezwa, huenda kuna mtu kaliota. Msomaji anasikia "kesho".

Hapa nina deni langu mwenyewe. Niliwahi kuandika "Walimu kulipwa malimbikizo". Ndani ya habari, ofisa mmoja alisema suala hilo linaangaliwa. Basi. Kesho yake akanipigia mwalimu aliyenifundisha darasa la tano, mzee wa watu, sauti imejaa furaha: "Mwanangu, nimeona kazi yako. Sasa niende benki lini?" Nilibaki nimeshika mkonga wa simu. Kwenye kichwa changu hakuna neno ambalo mhariri angelipiga mstari mwekundu. Na mzee alikuwa ameshavaa viatu.

Cha tatu: yafichuka, yavuja, yabainika, yadaiwa. Kiswahili kinaruhusu tendo litokee bila mtendaji, na ni uzuri wake. Kikombe kimevunjika. Nani kakivunja? Kimevunjika tu, mama. (Kicheko.) Kila mtoto anaijua sarufi hiyo. Sasa "Siri nzito yafichuka" ni mtoto yuleyule, amevaa tai. Nani kafichua? Kaipata wapi? Kama hadi aya ya tatu bado ni "imeelezwa" na "imefahamika", bila jina la mtu, bila waraka, bila mahali, mimi huacha kusoma nikanywe chai.

Mtasema: mwalimu, si turahisishe tu, tuulize gazeti ni la nani? Ni swali zuri, liulizeni. Ila halitoshi, na mfano ninao.

Jumatano, tarehe 11 Agosti 2021, gazeti la Uhuru lilitoka na habari ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana wazo la kuwania urais mwaka 2025. Uhuru ni gazeti la CCM, lina historia tangu enzi za TANU. Rais ndiye mwenyekiti wa CCM. Sasa kaa kwenye nafasi ya msomaji mwerevu asubuhi ile, yule anayepima kila kitu kwa mwenye gazeti. Angesema: gazeti la chama haliwezi kumsingizia mwenyekiti wake, hili limethibitishwa. Angelisambaza kabla chai haijapoa.

Chama chenyewe kikasema Rais hakusema hivyo. Kikasimamisha uchapishaji kwa siku saba na kuwasimamisha kazi viongozi wa gazeti. Serikali nayo ikasitisha leseni kwa siku 14. (Mimi sifurahii gazeti lolote kufungwa, la chama wala la nani. Hilo tuliweke kando, lina mhadhara wake.) Mwaka 2025 Samia akagombea.

Kumjua mwenye gazeti kunakuonyesha upepo unakovuma, tena hilo ni jambo kubwa. Ila hakukuambii kama mtu fulani, siku fulani, alitamka maneno fulani. Hilo linataka umtafute msemaji, usikilize sentensi nzima, pamoja na swali aliloulizwa. Na kinyume chake ni vivyo hivyo: gazeti la wapinzani wako linaweza kuandika jambo la kweli tupu, nawe ukalikosa kwa sababu umesusa jina lililo juu.

Jina lenyewe nalo huibwa. Kenya, muda mfupi kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, ilisambaa video yenye nembo na sura ya kipindi cha BBC, ikidai kura ya maoni inaonyesha Uhuru Kenyatta anaongoza. BBC wakasema si yao. Aliyeuliza "chombo cha nani?" alipata jibu, na jibu lilikuwa la bandia.

Nikiri jambo moja la aibu. Mimi ukali huu wote ninao kwa kichwa kinachomchoma mtu ninayempenda. Kikimchoma nisiyempenda, kidole kinakwenda chenyewe kwenye "sambaza". Sijui nyinyi. (Minong'ono.)

Muda unakwisha. Mama pale nyuma naona ameinua simu. Una kichwa? Kisome, tafadhali, kwa sauti.

"Kigogo wa upinzani anaswa, mazito yaibuka."

Ahsante. Haya, tuanze. Kigogo, jina lake nani? Hajatajwa. Anaswa na nani, polisi au kamera? Hakisemi. Mazito yameibuka kutoka wapi? Fungua ndani, mama, tutakusubiri.

Kuna tangazo la mkopo. (Kicheko.) Endelea kushuka. Bado? Endelea.