Soma habari ukiwa katuni: mdomo na sauti viende pamoja

Mambo vipi wadau, huyu mnayemuona hapo na blauzi yake ya kitenge anaitwa Bi Tabu, ila anayeongea ni mimi, nipo Mbagala nimevaa bukta na singlendi na wala sijachana nywele. Raha ya kusoma habari kupitia katuni ndo hiyo, na leo nawaonyesha inavyofanyika.

Kabla ya yote, kuna watu wananiuliza hii ni AI? Hapana. Uingereza mwaka 2000 walimleta Ananova, mtangazaji wa kompyuta mwenye nywele za kijani, yule maandishi yalikuwa yanasomwa na mashine, hakuna mtu nyuma yake. Wachina wa shirika la habari la Xinhua 2018 nao wakatoa wa kwao wa AI. Bi Tabu yeye bila mimi ni sanamu, nikikohoa anakohoa, nikicheka anacheka muda uleule. Ni kama kikaragosi, sema nyuzi zake ni kamera.

Haya. Shusha VRoid Studio ya kumtengenezea mtu, VSeeFace ya kumchezesha, na OBS ya kurekodi au kurusha laivu. Zote bure, kuziinstall mnajua wenyewe, siwapotezei bando. VSeeFace inataka Windows.

Kwenye VRoid chezea sura unavyotaka. Mimi macho nayapunguza maana yakija yalivyo ni makubwa kama taa za Fuso. Rangi ya ngozi ni kubonyeza tu. Nywele ndo kazi, hawa jamaa ni Wajapani, utakuta nywele za kuangukia usoni za kila aina ila twende kilioni hakuna, kwa hiyo Bi Tabu nimemchorea mistari kwenye ngozi ya kichwa mmoja mmoja, siku tatu. Asiye na siku tatu namuuzia faili langu elfu 15, andika "kilioni" kwenye komenti.

Ukimaliza unatoa faili la VRM, yaani faili la huyo katuni wako, na hapo simama! Itakuuliza VRM 0.0 au 1.0. Chagua 0.0. Najua 1.0 inaonekana ndo mpya, ndo kali, lakini VSeeFace haiisomi. Sifuri nukta sifuri. Mimi nilikesha nikajua laptopu imekufa.

Fungua VSeeFace, weka faili, chagua kamera, angalia mbele uso umetulia halafu kalibreti, yaani ifundishe sura yako ya kawaida. Usitabasamu wakati wa kukalibreti, ukitabasamu kompyuta inadhani hiyo ndo sura yako ya kawaida, ukija kusoma habari za msiba mtu kanuna mpaka basi, na za mpira kanuna vilevile. Kuna kitufe chini kulia kinaficha menyu zote, bonyeza. Kwenye OBS ongeza dirisha lake kwa Game Capture, weka tiki kwenye kuruhusu uwazi (Allow Transparency), nyuma tupia picha ya studio. Imeisha hiyo.

Skripti weka chini tu ya kamera. Usisome karatasi mezani, utamuona Bi Tabu kainama kama anachambua mchele.

Sasa mdomo. Kitu kimoja nakipenda, midomo ya VRM imepangwa kwa a, i, u, e, o, vokali tano za Kijapani, na sisi Kiswahili ni hizohizo tano! Ndo maana Bi Tabu akisema "habari za jioni" inakaa mdomoni kabisa. Kuna njia ya kuchezesha mdomo kwa maiki peke yake bila kamera, ila mimi siipendi, sikiliza hiyo bajaji inayopita... mmeona? Bi Tabu kaongea bajaji.

Sawa, nisikilizeni hapa hata kama mlikuwa mnaruka ruka. Kamera inachelewa kuliko maiki. Sauti inafika kwanza, mdomo unafuata. Kwa hiyo tunaichelewesha sauti, kwenye OBS fungua Advanced Audio Properties, kuna safu imeandikwa Sync Offset, ni milisekunde. Namba unayoweka HAINA minasi. Narudia, haina minasi. Mimi niliweka minasi 150 nikarusha laivu ya dakika 40, sauti ikazidi kuwahi, watu wanauliza huyu mama anatafuna nini.

Namba unaipataje? Rekodi ukisema "pa, pa, pa", maana p inafunga mdomo halafu unafunguka ghafla. Fungua rekodi, sogeza fremu moja moja, yaani zile picha zinazounda video, hesabu kutoka sauti mpaka mdomo kufunguka. Fremu 30 kwa sekunde, kila moja ni kama milisekunde 33. Zikiwa 5 weka 165. Pima kwenye rekodi jamani, usipime kwa macho kwenye skrini, na usiweke mi...

Aah. Umeme. Luku imeisha. Dada! Tokeni ipo kwenye meseji ya simu yangu, iingize! Laptopu ina chaji tunaendelea, ila ngoja, subiri, mtazameni Bi Tabu. Mdomo unaburuza, mnaona? Sijagusa kitu. Chumba kimekuwa giza, na giza likiingia kamera nyingi zinapunguza fremu zenyewe ili zipate mwanga, kwa hiyo ile 165 yangu haifanyi kazi tena. Hii sikuipanga lakini bora mmeiona. Ukibadilisha taa, pima upya. Ukihamia dirishani, pima upya.

Halafu wale wanaotaka kufungua online tv ya habari, ulizeni kuhusu leseni kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwanza, katuni haikufichi.

Umeme umerudi, asante dada. Pa, pa, pa. Moja, mbili, tatu, nne... tano. 165 ileile. Bila minasi. Haya Bi Tabu, kaa vizuri tusome: "Habari za jioni, leo wakazi wa Mbag..."

Hiyo bajaji tena.