Mawe Mnampa Mgonjwa, Kifuko Mnakitupa

Ndugu Mwenyekiti, madaktari, wauguzi na vijana wangu wa maabara, habari za asubuhi. Walionisikia mwaka jana nawaona mnatazamana: mzee huyu na vifuko vyake vya nyongo, tena! Ndiyo, tena. Siku mtakapoacha kuvitupa baada ya upasuaji, mkatuletea maabara tuvipime, nitatafuta mada nyingine.

Kuna mama mmoja wa Mbagala alikuja maabara amebeba kichupa cha dawa, ndani mna mawe. Alishafanyiwa upasuaji, wapi sisemi, wakamkabidhi mawe yake wakamruhusu. Miezi ikapita, jirani akamtia hofu, akaja. "Daktari, nimekuletea uyapime kama yana kansa." Nikamwambia, shikamoo mama, mawe hayaugui kansa. Hiyo ni kolesteroli, rangi ya nyongo na chokaa, vimegandamana. Kinachougua ni kifuko yalimokaa. Kiko wapi? "Hicho hawakunipa."

Nikapiga simu. Muuguzi, mtu muungwana kabisa, akaniambia kilikwenda tanuri la taka siku ileile. Mbona hakikuletwa? Hakikuwa na sura ya kansa. Nani alikipasua akaiona hiyo sura? Kimya. Mama yule mpaka leo akinikuta ananidai majibu. Nimpe majibu ya majivu?

Haya, tuseme kingeletwa. Kifuko kizima ukuta wake hauzidi milimita 3. Ndani kuna utando wenye safu moja ya seli ndefu zinazofyonza maji ili nyongo ikolee. Utumbo una tabaka laini kati ya utando na msuli mkubwa; kifuko hakina. Ukitoka kwenye utando umeshafika kwenye msuli. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa weka mawe humo miaka na miaka. Jiwe linaziba shingo, linaachia, linaziba tena. Msuli unasukuma pasipo njia, unanenepa, kisha kovu linajipenyeza kati ya nyuzi zake, ukuta unakakamaa mithili ya kiganja cha mbeba zege. Shinikizo hilohilo linausukuma utando mpaka unazama ndani ya msuli na kufanya vishimo tunavyoviita kwa majina ya madaktari Rokitansky na Aschoff. Limfosaiti na seli za plazma, yaani seli za kinga, zinajazana pembeni. Huo ndio mchochota sugu. Vishimo hivyo vinawaponza wanafunzi wangu kila mwaka: wakiona tezi katikati ya msuli, wameshaandika saratani. Tulia, kijana! Tazama kama seli zake zimetulia, tazama kama kishimo kinaungana na utando wa juu.

Ninachokisaka mimi hasa ni seli zilizobadili kazi. Utando uliosumbuliwa muda mrefu huota tezi za aina ya zile za mwisho wa tumbo la chakula. Hizo naziona mara nyingi, hazininyimi usingizi. Ila kuna utando unaokwenda mbali zaidi, ukaota seli za utumbo, zile zilizojaa ute. Hiyo ni metaplasia ya utumbo, na nikiikuta naagiza vipande zaidi vikatwe, maana jirani yake ndipo displasia, seli zilizoanza kuharibika kuelekea saratani, hupenda kujificha. Kutoka displasia hadi saratani ni safari ya miaka, na muda huo wote ukikishika kifuko mkononi unaweza usione kitu. Wengi hawafiki huko. Wanaofika hawana alama usoni.

Mtasema: daktari, gharama, na saratani yenyewe ni nadra. Nadra, nakubali. Sehemu nyingi wanaokutwa nayo hawafiki hata wawili katika 100 wanaotolewa kifuko kwa ajili ya mawe. Lakini huyo mmoja, kama saratani imeishia kwenye utando, upasuaji uliokwisha kufanyika umemtosha. Kama imegusa msuli, na nilishawaambia hakuna tabaka la kuizuia, anatakiwa arudi mezani, akatwe sehemu ya ini na tezi za limfu. Kati ya yule wa utando na yule wa msuli kuna milimita chache tu, na zinaonekana kwenye hadubini. Usipoleta, atarudi mwenyewe, macho ya njano.

Mwingine amesoma kidogo, ataniambia Uholanzi hawapeleki vyote maabara. Kweli, kuna wanaochagua. Ila wanachagua baada ya kukipasua, kukitazama na kukipapasa ndani kote. Ninyi mnachagua kikiwa kimefungwa. Hapo mnapiga ramli.

Na wale wanaokunywa limau na mafuta ya zeituni ili mawe yatoke, maana kila nikitaja mawe lazima mtu anitumie video: vile vidonge vya kijani mnavyoviona chooni ni mafuta mliyokunywa wenyewe, yamegeuka sabuni tumboni. Mawe ya mgonjwa yako palepale.

Kikija, basi kije kiungwana. Nimewahi kupokea kifuko ndani ya chupa ya maji ya kunywa iliyotiwa fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama na kuikaza. Kiliingia kikiwa laini, kutoka kimekakamaa, tukaipasua chupa kwa kisu. Kingine kilikaa wikendi nzima kwenye maji ya dripu, na nyongo yake ndani. Utando wote ulikuwa umeshayeyuka, nasoma nini? Pasueni kwa upande usioshikana na ini, mwageni nyongo, tieni kwenye chombo cha mdomo mpana, fomalini ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya nyama au zaidi. Na wekeni alama pale mlipoukata mrija wake.

Mwenyekiti ananionesha saa. Selimundu basi kwa ufupi: nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo duniani, na chembe nyekundu zikivunjika kila siku mawe meusi huja mapema. Mtoto wa selimundu anayelia mbavu za kulia asipewe dawa za vidonda vya tumbo kabla ya altrasaundi. Taifodi, ile ya kweli, si hii ambayo kila homa ya Dar inapewa: bakteria wake hujibanza juu ya mawe, na mtu akawabeba miaka bila kuugua. Na mbebaji wa muda mrefu yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani hii. Hilo lina mhadhara wake.

Maswali. Waanze wa upasuaji, wao ndio wadaiwa.